Redio Iliyozimika Mama Akipaza Sauti

Wiki iliyopita nilichomoa plagi ya birika la umeme jikoni kwangu nikaunguza vidole viwili. Plagi haikuwa imeungua bado. Ilikuwa imepata moto tu, ikatoa ile harufu ya plastiki inayoanza kulainika, harufu tamutamu inayokwama kooni. Mwanangu aliniuliza kwa nini nimeketi sakafuni na chai haijapikwa. Nilimjibu vibaya, kisha nikamwomba msamaha. Ningemwelezaje kwamba nimekasirikia kitu kilichotokea nikiwa na miaka tisa, na kwamba tangu tumzike Mama hasira hiyo imerudi ikiwa mbichi kabisa?

Tuliishi Lindi, ndani ya mtaa wa mabanda wa Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati, watu wanne: Baba, Mama, mimi na mdogo wangu Wafula. Baba alikuwa fundi wa mawe. Aliwajengea watu wa mitaa mingine kuta zilizonyooka kabisa, halafu sisi nyumbani tukatega besheni chini ya bati lililotoboka. Mama hakulinyamazia bati hilo. Mama hakunyamazia kitu chochote. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekulia mahali ambapo watu huitana kutoka shamba moja hadi jingine, na chumba chetu kilikuwa na upana wa hatua sita. Akianza, Baba aliinamisha macho, akachukua kofia yake kwenye msumari, akatoka. Hakujibu hata siku moja. Alirudi mambo yakishapoa, akatundika kofia, tukala.

Kwa hiyo nilijua sheria moja kuhusu baba yangu: Mama akipaza sauti, Baba anaondoka. Msimu mmoja wa mvua Mama aligombana na lile bati siku tatu mfululizo, na siku ya nne Baba alichukua kofia pamoja na mfuko wake wa vifaa. Alikuwa amepata kazi ya kujenga zahanati ya misheni huko kaskazini, mbali sana, mahali pasipo na simu. Nilimlaumu Mama. Nilimlaumu kimoyomoyo kila nilipouona ule msumari ukiwa mtupu.

Jambo jingine nililoliona siku hizo bila kulielewa ni kwamba Mama alikosea hesabu. Tulikuwa tumebaki watatu, lakini kila jioni alisonga ugali wa watu wanne. Kipande kilichobaki alikifunikia sahani, na asubuhi tukakila kwa chai. Nilidhani ni mazoea tu ya mkono.

Barua kutoka kaskazini zilichukua majuma matatu, na Baba hakuwa mtu wa kuandika maneno mengi. Ndipo Mama akamkumbuka kaka yake. Mjomba alikuwa askari wa mawasiliano jeshini, na alipostaafu alifungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na kituo cha basi cha Kawangware 46. Chumba cha nyuma cha kibanda hicho hakikuwa cha wateja. Humo alikuwa na redio yake mwenyewe ya kupokea na kurusha, chuma kizito cha kijivu chenye sindano mbili usoni na taa ndogo ya manjano. Leseni yake aliitia fremu akaitundika pale ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Waya wa antena ulitoka dirishani, ukapita juu ya kamba za nguo za majirani, ukaishia kwenye nguzo nyuma ya choo. Kwa redio hiyo alizungumza na watu wa nchi za mbali, na wote, kadiri nilivyosikia, walizungumza kuhusu antena.

Mmoja wa marafiki zake wa hewani alikuwa bruda, mtawa wa misheni, aliyesimamia ujenzi wa ile zahanati. Bahati kama hiyo Mama aliiita majibu ya maombi. Ikapangwa kwamba kila Jumamosi saa kumi alasiri Bruda amwite Baba kule, na Mjomba amweke Mama mbele ya maiki huku.

Jumamosi ya kwanza tulimwacha Wafula kwa jirani, mimi na Mama tukatembea kutoka Lindi, tukavuka Ngong Road, tukafika Kawangware viatu vikiwa vimejaa matope. Ilikuwa baridi ya Julai, ile inayoingia hadi kwenye meno. Chumba cha nyuma kilinuka risasi ya kuchomelea waya iliyoyeyushwa na vumbi lililopata joto. Mjomba alikuwa amevaa koti la jeshi, vifungo vyote vimefungwa.

"Keti hapo," aliniambia. "Usiguse kitu."

Akainamia maiki na kuita kwa sauti ya chini, sawasawa, ya mtu anayesoma orodha ya majina. Aliita mara tatu. Kisha, katikati ya mlio kama wa mafuta yanayochemka, sauti ya Baba ikatoka ndani ya kile chuma.

"Mama Nekesa, unanipata? Ova."

Nekesa ndiye mimi, na ova ni neno la hewani la kumwachia mwenzako zamu. Nilisimama. Mama alimpokonya Mjomba maiki, akaikaza kwa mikono miwili, na kwa kuwa Baba alikuwa mbali, akapaza sauti ifike mbali.

"Baba Nekesa! Nakupata! Wewe huko unakula nini, unalala wapi, kwa nini barua..."

Pap. Sindano zikalala. Mlio ukakatika, chumba kikawa kimya hadi nikasikia mtu akifua nguo nje.

Mama hakuona, kwa sababu alikuwa amefumba macho, lakini mimi niliona. Kabla ya kufa, ile taa ya manjano ilififia. Sauti ya Mama ilivyopanda, ndivyo taa ilivyoshuka. Nilimtambua mtu huyo papo hapo. Redio iliinamisha macho, ikachukua kofia, ikatoka.

Mjomba alibonyeza kitufe, ikawaka. Baba alikuwa akisema, "Umepotea. Ova." Mjomba akajibu kwa sauti yake ya orodha, "Tuko hapa, subiri," na redio ikakaa sawa bila tatizo lolote. Akampa Mama maiki. Mama akasema neno la tatu, ikafa. Ikawashwa. Ikafa. Mara ya nne Mjomba alitoa mita yake, akaigusisha kwenye betri ya gari iliyokuwa chini ya meza, kisha nyuma ya redio.

"Volti kumi na mbili nukta sita," alisema akiitazama redio kwa uchungu. "Moto wa betri uko! Uko wote, sasa hii inataka nini?"

Tukarudi Lindi kwa miguu, na njia nzima Mama alikuwa akimalizia ile sentensi aliyokatizwa.

Wiki iliyofuata Mjomba hakulala. Alibadilisha betri, akatia fyuzi mpya, akaifungua maiki na kuchomelea upya kila waya. Kila alipomaliza kitu aliijaribu redio yeye mwenyewe kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, kwa ile sauti ya askari mstaarabu. Iliitika kila mara. Jumamosi ya pili alitupokea mlangoni akitabasamu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mama alishika maiki. Alisema, "Baba Nekesa, sasa nisikilize vizuri!" Redio ikazimika.

"Ni wewe," Mjomba alisema.

"Mimi nimefanya nini?"

"Sijui, lakini ni wewe. Wiki nzima imefanya kazi."

"Baba Simiyu," Mama alimwita kaka yake kwa jina la mwanawe, "usinikasirishe. Kitu chako kimekufa. Sema tu kimekufa, nirudi kwangu."

"Kimekufa aje, na jana nimeongea na mtu wa Zambia?"

Walikuwa wamesimama wakikodoleana macho juu ya meza, ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akiwa na mita mkononi na mwingine maiki. Baba alikuwa akisubiri kule kaskazini. Nikaona nisaidie.

"Mama, usipige kelele," nilisema. "Haipendi."

Waligeuka wote wawili. Mama nusura anizabe kofi. Badala yake, pengine kwa kukata tamaa, aliisogeza maiki mdomoni na kuongea kama mtu anayeungama dhambi. Taa ilitingishika kidogo, ikasimama. Redio ikabaki hai.

Hapo ndipo Mjomba alipofanya kosa lake, na hadi leo nikilikumbuka napandwa na mori. Mtoto alikuwa amempa dalili yote mkononi: ikisemeshwa kwa nguvu inakufa, ikisemeshwa polepole inaishi. Fundi yeyote angejiuliza sauti inahusiana vipi na umeme. Lakini Mjomba alikuwa amefundishwa jeshini kwamba kelele kwenye redio ni utovu wa nidhamu, na mtu akishaona adabu mbaya haoni tena kitu kingine. Alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa ZUNGUMZA POLEPOLE, akaibandika ukutani juu ya redio. Kwake yeye, kazi ilikuwa imekwisha.

Jumamosi ya tatu walizungumza kwa dakika nyingi. Mama alisema watoto wako wazima. Baba akasema kazi inaendelea, ukuta umefika kwenye linta, juu ya madirisha. Mama akauliza kama kuna joto. Baba akasema lipo. Mama alinuna njia nzima ya kurudi, akasema ameongea kama mtu anayesalimia wageni wa kanisa, na kwamba hakuna hata neno moja alilotaka kusema lililotoka. Mimi nilikuwa na furaha kuliko wakati wowote tangu Baba aondoke. Hatimaye kulikuwa na kitu duniani kilichoweza kumlazimisha Mama anyamaze, na Baba hakuwa na sababu tena ya kuchukua kofia.

Sasa nifike kwenye vidole vyangu. Siku hiyohiyo, kabla hajatulia, Mama alijisahau mara mbili, na mara mbili Mjomba akaiwasha upya redio huku akionyesha karatasi ukutani. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni karibu na betri, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Kutoka kwenye betri kulikuwa na nyaya mbili nene za kwenda kwenye redio, na katikati ya ule mwekundu kulikuwa na kijibomba cheusi cha plastiki, saizi ya kidole, ambamo fyuzi ilikaa. Niliweka mkono pale kwa bahati tu. Kilikuwa cha moto. Nikakikaza nipate joto, kikaniunguza vidole viwili, na ile harufu tamutamu ikanijia puani.

Nilijua nimekipata. Sikujua ni nini, lakini nilijua ni hapo, kama mtu anavyojua jino linalouma ni lipi. Mjomba alikuwa hatua moja tu kutoka kwangu. Ningesema, "Mjomba, hapa panachoma," yote yangekwisha dakika hiyo.

Lakini nilifikiri. Naam, nilifikiri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ningekuwa nimesahau tu ningejisamehe. Nilifikiri kwamba Mjomba akipatengeneza, redio itavumilia kelele, na Mama atapiga kelele, na Baba akiwa kule mbali ataisikia yote na hatarudi kamwe. Nikaona ni heri ibaki mbovu. Nikatia vidole mdomoni nikanyamaza.

Jumamosi ya nne Baba hakuanza kwa salamu.

"Mama Nekesa, kazi hapa inaisha. Jumatatu kuna lori inaenda ng'ambo ya mpaka, wanataka mafundi, ni miaka miwili. Sitaki kubahatisha. Ukisema nirudi nyumbani, narudi. Ukisema niende, naenda. Wewe sema tu. Ova."

Mjomba alimpa Mama maiki, akaashiria karatasi. Mama aliitazama ile karatasi. Nilimshika sketi nikaivuta, nikimwomba kwa mkono aongee polepole, na alianza polepole kweli.

"Baba Nekesa," alisema. Taa ilisimama imara. "Kwa nini mimi ndio niseme? Ulipoenda uliniuliza? Wewe huna mdomo..."

Alikuwa anapanda. Taa ilikuwa inashuka. Pap.

Mama hakujua. Alikuwa amefumba macho tena, na yaliyofuata yalimtoka yote kwa mkupuo, kwa sauti ya shamba hadi shamba, machozi yakimtiririka hadi kwenye maiki. Alimwambia arudi. Alimwambia mengine pia, ambayo sikuwa nimewahi kumsikia akiyasema ndani ya chumba chetu. Yote alikiambia chuma kilichozimika, mbele yangu na ya kaka yake, na Mjomba alikuwa akibonyeza kitufe na kubonyeza tena kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Ilipowaka, Baba alikuwa anamalizia.

"...umezima tena. Sawa. Nimekuelewa. Salimia watoto. Ova, nafunga."

"Hapana!" Mjomba alipiga kelele. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alipiga kelele kwenye maiki. "Hapana, ngoja, usifunge!"

Redio ikazimika mikononi mwake. Alibaki ameshika maiki, akiitazama kana kwamba imemtemea mate. Ilipowaka tena kulikuwa na ule mlio wa mafuta tu. Aliita hadi saa kumi na mbili, kwa upole, lakini kule hakukuwa na mtu.

Wiki mbili baadaye Mjomba alikuja Lindi kwa miguu, yeye ambaye hakuwahi kututembelea. Alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya kitanda. Ndani kulikuwa na kile kijibomba cheusi, kimekunjamana upande mmoja. Akaeleza harakaharaka bila kumtazama Mama usoni. Springi ya ndani ilikuwa imepotea zamani, naye akaweka mahali pake karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, akasahau, hata siku ile alipotia fyuzi mpya. Redio ikipokea tu haili umeme mwingi, na ikiongeleshwa kwa upole inakula kidogo. Mtu akipaza sauti ndipo inapotaka umeme wote kwa pamoja, na umeme ukifika pale unakosa njia.

"Nilikuwa napima ikiwa imenyamaza," alisema. "Kila siku nilipima ikiwa imenyamaza."

Mama alikitazama kijibomba. "Sasa unaniletea mimi, nikifanyie nini?" aliuliza. Akageuka kwenye jiko, akaendelea kusonga. Alipopakua niliona ugali ni mdogo. Alikuwa amesonga wa watu watatu.

Baba alirudi, lakini si baada ya miaka miwili. Ilichukua zaidi ya hiyo, na Mjomba alikuwa ameshafariki. Baba alibadilisha bati wiki ya kwanza. Waliishi pamoja Lindi, kisha wakahamia nyumbani Magharibi, hadi Mama alipotutoka, na kwa miaka yote hiyo sikumsikia Mama akimpazia Baba sauti hata mara moja. Mama aliamini Baba alijua ni redio iliyozimika na bado akachagua lori. Walisema habari za watoto, za ng'ombe, za joto. Nilikuwa nimepata kile nilichokitaka siku ile sakafuni, na kilikuwa kibaya kuliko kelele zote za Lindi. Mara ngapi nilitaka kusema? Niliogopa. Halafu nikawa mkubwa, na ukubwani uoga huo nikauita heshima.

Jioni ile ya birika nilimpigia Baba. Ni mzee sasa, anashika simu mbali na sikio.

"Baba, ile siku ya redio, Mama hakuzima."

"Alizima," alijibu hapohapo, kana kwamba tulikuwa tunaendeleza mazungumzo ya jana. "Nilisikia mwenyewe. Kila akifika kwa maneno yenyewe, anazima."

Nikamweleza kuhusu fyuzi, karatasi ya sigara na kijibomba. Nikamweleza kuhusu vidole vyangu.

"Kwa hivyo ulijua," alisema.

"Nilijua, Baba."

Niliitazama simu nione kama amekata. Nilikuwa na hakika ameshachukua kofia. Kisha akakohoa.

"Sasa alikuwa anasema nini?"

Nilisimama kutoka sakafuni. Nilivuta pumzi, nikamwambia kwa sauti ya Mama, kwa nguvu zote, hadi mwanangu akaja mbio kutoka chumbani.

"Rudi nyumbani! Kila siku nasonga ugali ya watu wanne, sasa yako unataka nimpe nani?"

Simu haikukatika.